Mnafu umejaa kwenye friji, baba watoto hataki kuuona

Shangazi, shikamoo.

Naishi Njiro, Arusha, na nina watoto watatu. Kwetu ni Pangani, mume wangu ni Msukuma wa Shinyanga. Mwezi wa tatu majirani zangu walikuja na wazo la kumlipa mkulima mmoja wa upande wa Usa River kabla ya msimu, naye atuletee kikapu cha mboga kila Jumamosi, kimetoka shambani asubuhi hiyohiyo. Kila nyumba ilitoa shilingi 180,000 za wiki 12. Nililipenda wazo hilo, nikalipa.

Shangazi, sasa ni wiki ya tano na nimechoka. Kwanza hatuchagui, tunapokea alichovuna. Kikapu kinakuja na mnafu, mchicha, figiri, majani ya maboga, majani ya kunde, ngogwe, karoti chache na bitiruti. Nyanya ni za kuhesabu, wiki nyingine hakuna kabisa, kwa hiyo sokoni naenda vilevile. Siku moja tulikipima kikapu, kikafika kilo nane na ushee. Nani atakula kilo nane za majani? Tuko watu wazima watatu ukimhesabu na dada wa kazi, na hao watoto ambao wakiona kijani wanasukuma sahani.

Ikifika Jumatano mchicha umeshakuwa uji kwenye mfuko. Naona haya kusema, lakini mengi yanaishia kwa ng'ombe wa jirani. Mume wangu anasema mnafu ni dawa, siyo mboga, na kwamba kama ni majani basi afadhali ningetafuta mlenda. Wifi yangu naye kaniambia wazi kuwa nimeibiwa, maana masika hii mchicha soko la Kilombero unauzwa bei ya kutupa.

Nimwambie mkulima anirudishie pesa za wiki saba zilizobaki? Na kama sitamwambia, huo mnafu unapikwaje ukalika?

Mama wa Watatu, Njiro

*

Marahaba, mwanangu.

Pesa usidai. Si kwamba malalamiko yako hayana msingi. Mawili kati ya hayo ni ya kweli kabisa na nitayarudia. Lakini ile 180,000 haijakaa mfukoni mwa mtu ikisubiri kurudishwa. Ilishageuka mbegu, samadi na vibarua wa palizi mwezi wa tatu. Ndiyo maana ya kulipa mapema: mkulima asikope, na mvua ikiharibu, hasara isimwangukie peke yake. Mpango wa namna hii wenzetu wanao siku nyingi. Japani akina mama wa mijini walikuwa wakiingia mapatano na wakulima tangu miaka ya 1970, na Marekani mashamba mawili ya kwanza yalianza mwaka 1986. Kote huko kanuni ni ileile, kwamba mlaji anapokea kilichoiva wiki hiyo. Kinachokusumbua wewe ni kwamba mkulima ameishika kanuni hiyo, ila jiko lako bado linakwenda kwa utaratibu wa sokoni.

Nieleze. Anayenunua sokoni huanza na hamu: leo nataka kabichi, anakwenda kununua kabichi. Mwenye kikapu huanza na kinachokaribia kuharibika. Ukipika kwa kufuata hamu huku kikapu kiko kwenye friji, utanunua kabichi juu ya mchicha, na mchicha utaoza. Hilo ndilo linalokutokea kila Jumatano.

Tuanze na hizo kilo nane zinazokutisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Ninyi wazima watatu peke yenu ni kilo moja na gramu 200 kila siku, na kwa wiki ni kilo nane na gramu 400. Watoto sijawahesabu. Ukitoa mabua na majani yaliyochoka, kikapu chako hakiwatoshi hata wakubwa bila matunda juu yake. Kinachofanya kionekane mlima ni mazoea yetu ya kuweka mboga pembeni ya ugali kiasi cha vijiko viwili. Majani mabichi yanajaza beseni, yakiiva yanaenea kwenye bakuli. Pika beseni zima, mwanangu.

Sasa kazi ya Jumamosi. Kikapu kikifika usikisukumie kwenye friji kama kilivyo. Kata kamba za mafungu, kwa sababu pale penye kamba ndipo kuoza kunapoanzia. Toa kila jani lenye doa jeusi au lililolowa likateleza. Usioshe. Majani yaliyooshwa yakafungiwa kwenye mfuko wa plastiki hayana siku mbili, na mboga za masika zinakuja na maji yake tayari, zimevunwa na umande au mvua. Zitandaze juu ya kitambaa nusu saa zipumue, kisha zikunje ndani ya kipande cha kanga kuukuu kikavu na uziweke droo ya chini ya friji. Mnafu na majani ya maboga yanakubali pia kusimamishwa kwenye jagi lenye maji kidogo, mabua chini. Karoti na bitiruti zikate majani siku hiyohiyo, maana yakibaki yanafyonza maji ya mzizi na karoti inalegea. Majani ya bitiruti usitupe! Yapike kama mchicha, mabua yake mekundu ukiyakatakata na kuyatanguliza sufuriani.

Ukishachambua utaona wiki inajipanga yenyewe. Mchicha na figiri ni vya Jumamosi na Jumapili, havisubiri. Majani ya maboga ni ya Jumatatu. Mnafu na kunde vinavumilia hadi Jumanne au Jumatano vikitunzwa hivyo nilivyosema. Ngogwe, karoti na bitiruti ndizo za mwisho wa wiki. Ngogwe wala hazihitaji friji, zinakaa kwenye ungo mahali pa baridi. Kinachokuzidi Jumapili jioni kitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika mbili, kitoe, kitie kwenye maji baridi, kikamue kwa mkono hadi kiwe donge la ukubwa wa ngumi, kisha weka friza. Madonge mawili ni mboga ya siku utakayotoka kazini umechoka.

Mnafu sasa, maana hapo ndipo kesi ilipo.

Mnafu ni mchungu, ndivyo ulivyo, na wanaoupenda wanaupendea hilo. Lakini uchungu mwingine unautia mwenyewe. Chuma jani moja moja pamoja na ncha laini tu. Bua gumu acha, na vile vitunda vya kijani usivitie kabisa, havifai kuliwa. Osha ndani ya beseni kubwa kwa kunyanyua majani na kuhamishia beseni la pili. Ukimwaga maji huku majani yamo, mchanga unarudi juu yake. Wengine huchemsha na kumwaga maji mara mbili. Uchungu unatoka, lakini na vitamini C unaimwaga pamoja nao, unabaki na nyuzi. Mimi napendelea kuuchanganya. Sehemu moja ya mnafu kwa mbili za mchicha, kwa nyumba inayoanza kujifunza. Kila wiki ongeza mnafu kidogo.

Na wewe ni wa Pangani, una silaha ambayo majirani zako wa Njiro hawaikimbilii. Tia nazi. Chemsha mnafu na mchicha kwa maji machache, dakika saba hivi, bila kufunika, mpaka majani yalainike lakini rangi isigeuke ya kaki. Pembeni kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo hadi kianze kubadilika rangi, tia karoti iliyoparuzwa, kitunguu saumu na chumvi. Mimina tui jepesi, acha lichemke kidogo, ingiza majani pamoja na maji yake. Yakishashikana tia tui zito, koroga pole pole, na likianza tu kutoa mapovu ya pembeni, epua. Kamulia ndimu ikiwa mezani. Mafuta ya nazi yanaufunika uchungu, na ile ndimu siyo ya ladha peke yake, inausaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Mafuta nayo yana kazi: vitamini A ya mboga za kijani hainyonywi vizuri kwenye mboga iliyochemshwa kavukavu. Wenzetu wa magharibi mwa Kenya wana njia nyingine. Managu, ambayo ni hiihii mboga yako, wanaipika, wanaitia maziwa, wanailaza, na kesho yake wanaipasha moto. Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Kama una maziwa na huna nazi, fanya hivyo, ila ilaze kwenye friji.

Juu ya mumeo. Mtu wa Shinyanga akisema afadhali mlenda, amekwambia anachokikumbuka, na wewe unacho tayari ndani ya kikapu. Majani ya kunde! Kwao huanikwa yakawa nsansa, kisha hupikwa kwa karanga. Wewe unayo mabichi. Yakate, yachemshe dakika kama ishirini maana ni magumu kuliko mchicha, halafu tia karanga zilizotwangwa ukazikoroga kwanza na maji ya uvuguvugu zisigande. Moto mdogo, koroga hadi mafuta ya karanga yaanze kuonekana juu. Katia ngogwe mbili au tatu mle ndani, zilizopasuliwa vipande vinne, zinywe ule mchuzi. Magadi ukitaka, tia chembe tu. Yakizidi yanalainisha haraka lakini yanaua vitamini na mboga inateleza mdomoni. Mpikie hiyo pamoja na ugali wa dona na dagaa wa Mwanza waliokaangwa wakakauka. Usimpe hotuba juu ya mkulima wala afya yake. Mwandalie, akae ale.

Kuanika kwenyewe kusubirishe. Masika ya Arusha hayana jua la kukausha kitu, utapata ukungu. Mwezi wa sita mvua zikikatika, ukiwa bado na kunde nyingi, chemsha, anika kivulini penye upepo, na mama mkwe wako atafurahi sana ukimpigia simu akuelekeze.

Majani ya maboga watu wengi wa mjini hawayapendi kwa sababu hawakuonyeshwa kuyamenya. Shika bua, livunje kidogo mwishoni bila kulikata, uvute kuelekea kwenye jani. Unatoka uzi mrefu wenye vinyweleo. Vuta nyuzi zote kuzunguka bua, kisha yasugue majani kati ya viganja yapoteze ukali. Hiyo ni kazi ya watoto, na mtoto aliyemenya mboga mwenyewe mara nyingi anaionja. Kwa hao wanaosukuma sahani, twanga au saga mchicha uliochemshwa, ukandie unga wa chapati. Chapati inakuwa ya kijani, wanagombania. Mchicha kwenye mayai nao hauna mgomvi. Bitiruti iparuze mbichi pamoja na karoti, tia ndimu na chumvi, iwe kachumbari, wataipendea rangi. Figiri ina ukali wake kama haradali, kwa hiyo isipikwe peke yake: ikate nyembamba, iingie kwenye makande au maharage dakika tano za mwisho.

Nimekuahidi kurudi kwenye malalamiko mawili ya haki.

La kwanza ni nyanya. Wewe unaona umepunjwa. Nyanya wakati wa masika ni vita: baridi na unyevu vinaleta ugonjwa wa baka jani, na shamba la wazi linaweza kuungua ndani ya siku chache likabaki jeusi. Mkulima wa ukanda wenu anayekuletea nyanya tele mwezi wa nne ama ana kitalu nyumba, ama amepulizia dawa mfululizo, ama amezinunua sokoni akazipanga kwenye kikapu chako. Huyu wako anakuletea chache alizookoa. Mimi naliona hilo kama uaminifu. Mpaka hali ya hewa ibadilike, uchachu utafute kwenye ukwaju, ndimu au mtindi. Ukwaju kidogo uliolowekwa na kuchujwa unatosha sufuria nzima ya ngogwe. Ila lililo la haki ni hili: alipaswa kuwaambia tangu mwezi wa tatu kwamba masika ni majani. Mtu akilipa fedha yote hiyo anastahili kujua kila mwezi utaleta nini. Na Ijumaa jioni aandike ujumbe kwenye simu, mboga gani zinakuja kesho, ili Jumamosi asubuhi usiende kununua kilichoko njiani.

La pili ni la wifi yako, na wifi yako hakukosea hesabu. Masika mchicha ni rahisi kila mahali. Kikapu chako kimeanza wiki ya mwisho ya Machi, wiki 12 zinaishia katikati ya Juni. Yaani mmelipia kipindi kilekile ambacho majani ni mengi na bei iko chini, na mkataba utakwisha pale yanapoanza kuadimika. Kiangazi kikikolea, shamba lenye mfereji unaoshuka kutoka Meru linaendelea kuvuna wakati wenzake wanaotegemea mvua wamesimama, na nyanya nazo zinarudi. Hapo ndipo bei iliyolipwa mapema inapomsaidia mlaji. Kwa hiyo kosa halikuwa kujiunga, ni urefu wa muda. Mpango wa namna hii ufungwe mwaka mzima, au angalau uvuke msimu mmoja uingie mwingine. Waite majirani zako kabla ya Juni, mlizungumze hilo na mkulima kwa pamoja. Mwambieni bei ya wiki za masika ishuke na za kiangazi ipande kidogo, atawaelewa, yeye anazijua bei za Kilombero na Tengeru kuliko ninyi.

Mkiwa naye, ombeni pia sanduku la kubadilishana pale anaposhushia vikapu. Kila nyumba iache fungu moja isilolipenda na ichukue jingine. Naamini wapo wamama wa Kichaga mtaani kwenu wanaoutafuta mnafu na hawajui wafanye nini na majani ya kunde. Hilo halimgharimu mkulima hata senti.

Na mwulizeni kama anaweza kuwagawia wenye familia ndogo nusu kikapu. Wewe hauko kwenye kundi hilo, lakini nyumba zikianza kuacha mpango kwa sababu ya wingi, mkulima atashindwa kuwalisha waliobaki.

Yule ng'ombe wa jirani endelea kumpelekea mabua, nyuzi za maboga na maganda. Omba kopo la maziwa mara moja moja kwa ajili ya ule mnafu wa kulaza. Jumamosi hii anza na mchicha na figiri, kunde ziende kwa baba watoto Jumanne, halafu uniandikie amekula kiasi gani.

Shangazi